Fao la Upotevu wa Ajira Huanza Siku ya Kuajiriwa

Ndugu msomaji, katika mazungumzo yetu ya wiki hii nataka tulitazame jambo ambalo hapa Rungwe huulizwa sana, Tukuyu mjini, Kiwira, Katumba na hata kule Mwakaleli. Jambo lenyewe ni hili: mtu akiachishwa kazi leo, ile fedha aliyokuwa akikatwa kila mwezi na kupelekwa NSSF ataipata lini, ataipata kiasi gani, na ili aipate afanye nini?

Zamani jibu lilikuwa fupi. Mtu akiacha kazi alisubiri kidogo, akajaza fomu, akachukua michango yake yote, akaenda zake. Watu waliita kujitoa. Wengi wetu tumekua tukiwaona baba zetu na kaka zetu wakifanya hivyo, na wapo waliojenga nyumba ya bati au kununua ng'ombe kwa fedha hiyo. Lakini tangu mwaka 2018 sheria ni nyingine. Kujitoa kwa namna ile hakupo tena, na mahali pake pamewekwa fao la upotevu wa ajira. Bahati mbaya ni kwamba wengi husikia habari za fao hili siku ile wanayokabidhiwa barua ya kuachishwa kazi, na hapo aghalabu huwa wamekwisha kuchelewa kwa mambo mawili matatu.

Kwanza tuone tulikotoka, maana bila hilo mabadiliko haya huonekana kama dhuluma tupu.

Mwaka 1964 nchi yetu iliunda Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, uliojulikana kwa herufi zake za NPF. Neno kubwa pale lilikuwa akiba. Mfanyakazi aliweka, mwajiri aliweka, na mwishoni mfanyakazi alichukua kilichowekwa pamoja na faida yake, basi. Mwaka 1997 Bunge lilipitisha sheria iliyoigeuza NPF kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Hapo neno akiba likaondoka likaja neno hifadhi. Tofauti yake ni kubwa. Akiba ni kibubu chako mwenyewe. Hifadhi ni kama chama cha kufa na kuzikana: wote mnachanga, na anayefikwa na jambo ndiye anayesaidiwa kwa kanuni zilizowekwa. Ndiyo maana NSSF ikawa na pensheni ya uzeeni, pensheni ya ulemavu, mafao ya warithi, ya uzazi na ya mazishi.

Hata hivyo desturi ya kujitoa ilibaki. Na ilibaki kwa sababu ya maisha yenyewe. Miaka ya tisini ilikuwa miaka ya kupunguza wafanyakazi serikalini na kubinafsisha mashirika ya umma. Mtu aliyepunguzwa kazini akiwa na miaka 35, ana watoto wanne, huwezi kumwambia asubiri miaka 20 ndipo aone fedha yake.

Mwaka 2012 Serikali ilijaribu kuufunga mlango huo. Sheria za hifadhi ya jamii zilifanyiwa marekebisho, na mamlaka iliyokuwa ikisimamia mifuko wakati ule, SSRA, ikatangaza kwamba kujitoa kumesitishwa. Kelele zikawa kubwa, hasa kutoka kwa wafanyakazi wa migodini, na Serikali ikalegeza msimamo. Kisha ukaja mwaka 2018. Mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, iliunganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, kuanzia mwezi Agosti mwaka huo. NSSF ikaachiwa wafanyakazi wa sekta binafsi na waliojiajiri. Basi kama ulikuwa katika kampuni binafsi na ukichangia PPF, usihangaike kuitafuta PPF. Kumbukumbu zako ziulizie NSSF. Na ni katika sheria hiyo hiyo ya mwaka 2018 ndipo fao la upotevu wa ajira lilipozaliwa.

Je, sababu ya kuufunga mlango wa kujitoa ilikuwa nini? Chukua mtu aliyefanya kazi miaka 12 katika kampuni moja, akajitoa. Akafanya miaka 10 katika kampuni nyingine, akajitoa tena. Anafikisha miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Amefanya kazi miaka 22, lakini mbele ya mfuko hana kitu. Pensheni inataka angalau michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na yake alikwisha kuitawanya. Mzee huyo sasa anawategemea watoto wake, nao watoto wana watoto wao.

Kwa upande wa pili, mfanyakazi naye ana hoja yake, na si hoja ya kubezwa. Anasema: mimi nina miaka 38, kazi imekwisha, nina ekari moja ya baba yangu, nataka nipande parachichi. Miche, mbolea na palizi vinataka fedha leo, na mti wenyewe utachukua miaka kadhaa kabla ya kunipa matunda ya kuuza. Ninyi mnaniambia fedha yangu ipo salama hadi uzeeni. Nitafika huko nikila nini?

Fao la upotevu wa ajira limewekwa katikati ya hoja hizi mbili. Linamtazama mtu aliyepoteza kazi kama mtu aliye njiani kutoka kazi moja kwenda nyingine, likampa posho ya njiani bila kuimaliza akiba ya uzeeni. Na jambo hili si geni duniani. Uingereza ilianza bima ya kukosa kazi kwa sheria ya mwaka 1911, kwa baadhi ya viwanda tu. Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake namba 102 wa mwaka 1952, lilitaja matawi tisa ya hifadhi ya jamii, na kukosa kazi ni mojawapo. Afrika Kusini wanao mfuko maalumu wa jambo hili, ambao mfanyakazi na mwajiri kila mmoja huuchangia asilimia moja ya mshahara. Sisi hatukuunda mfuko wa pekee, bali fao limewekwa ndani ya mifuko iliyopo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya mchango huo. Tuseme kuna mama anayefanya kazi katika kiwanda cha chai kwa mshahara wa shilingi 200,000 kwa mwezi. Yeye hukatwa shilingi 20,000, na mwajiri huongeza shilingi 20,000 nyingine. Baada ya miezi 18 jina la mama huyu lina michango ya shilingi 720,000. Akipoteza kazi na masharti yakatimia, fao lake ni asilimia 33.3 ya mshahara, yaani shilingi 66,600 kwa mwezi, kwa muda wa miezi sita. Jumla yake ni shilingi 399,600. Si fedha ya kujengea nyumba. Ni fedha ya unga, sabuni na nauli ya kutafutia kazi nyingine, na yafaa mtu aijue hivyo mapema ili asije akakopa kwa kutegemea mamilioni.

Masharti yake makubwa ni haya. Sharti la kwanza, mwanachama awe amechangia si chini ya miezi 18. Aliyechangia chini ya hapo hapati posho ya kila mwezi. Hulipwa kwa mkupuo mmoja nusu ya michango yake. Sharti la pili, awe raia wa Tanzania, na asiwe amefikia kustahili fao jingine. Kwa mfano, mwenye miaka 55 na michango ya kutosha anaweza kustaafu kwa hiari, kwa hiyo mlango wake ni wa pensheni. Sharti la tatu, awe hajapata kazi nyingine. Sharti la nne ndilo linalowaangusha wengi: awe hakuacha kazi kwa hiari yake mwenyewe.

Hapa naomba tusimame kidogo. Wako waajiri ambao, wanapotaka kupunguza watu, humwita mfanyakazi mmoja mmoja na kumwambia kwa upole: "Bwana, andika tu barua ya kuacha kazi, mambo yako yaende haraka." Mfanyakazi kwa heshima, au kwa haraka ya kupata chochote, anaandika. Barua ile ya mistari mitatu inamtoa katika fao la upotevu wa ajira, kwa kuwa kwenye karatasi ameondoka mwenyewe. Pia inamnyang'anya kiinua mgongo, kwa kuwa sheria ya kazi humpa kiinua mgongo yule aliyeachishwa na mwajiri. Basi ndugu yangu, kama hukuacha kazi, usiandike kwamba umeacha. Mwajiri ndiye anayekuondoa, na barua iandikwe naye, ionyeshe tarehe na sababu. Na ikiwa mwajiri amefanya mazingira ya kazi yasivumilike hata ukalazimika kuondoka, sheria inatambua kwamba huko nako ni kuachishwa kazi, lakini itakubidi ulithibitishe, na kuthibitisha si kazi nyepesi.

Jambo la pili linaloangusha watu ni michango ambayo haikufika. Hati ya mshahara inaonyesha makato kila mwezi, lakini kwenye vitabu vya mfuko miezi mingine ni mitupu. Mwajiri amekata, hakupeleka. Kisheria hilo ni kosa, na mfuko una uwezo wa kumdai mwajiri na kumtoza adhabu ya kuchelewesha, hata kumfikisha mahakamani. Lakini siku ya kudai fao, mfanyakazi anayeonekana ana miezi 14 badala ya miezi 30 ndiye atakayehangaika. Ndiyo maana nasema fao hili huanza siku ya kuajiriwa. Siku hiyo hakikisha umepewa namba ya uanachama. Tunza hati zako za mshahara, hata kama ni katika mfuko wa nailoni chini ya godoro. Na angalau mara mbili kwa mwaka omba taarifa ya michango yako, ama kwa njia ya mtandao wa NSSF kama una simu ya kufanyia hivyo, ama ofisini kwao. Ukiona mwezi umekosekana, uliza ukiwa bado kazini, wakati mwajiri bado yupo na mhasibu wake bado ana vitabu.

Je, kazi ikikoma, ufuate hatua zipi? Kabla hujatoka kwa mwajiri, chukua karatasi zako: barua ya kuachishwa kazi, cheti cha utumishi ambacho sheria inamtaka mwajiri akupe, hati za mshahara za karibuni, na mchanganuo wa malipo yako ya mwisho. Halafu nenda ofisi ya NSSF, uchukue fomu ya madai, ukiwa na kitambulisho cha taifa, kadi au namba ya uanachama na namba ya akaunti ya benki iliyo katika jina lako. Angalia sana majina. Kama kadi ya NSSF inasema jina moja la ukoo na kitambulisho cha taifa kinasema jingine, jambo ambalo si haba kwa kina mama walioolewa na kwa watu wenye jina la ubatizo na jina la nyumbani, lishughulikie mapema. Sehemu ya fomu inayomhusu mwajiri ijazwe na kupigwa mhuri. Kabla ya kukabidhi chochote toa nakala, na wakikupokea omba uthibitisho wa tarehe.

Mwajiri naye ana deni lake kwako, na deni hilo ni mbali kabisa na fao la mfuko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayeachishwa kazi alipwe mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, na notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Aliyefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, lakini isizidi miaka 10. Mama yetu wa shilingi 200,000, tukigawa mshahara wake kwa siku 26 za kazi, siku moja ni kama shilingi 7,690. Siku saba ni kama shilingi 53,800, na kama alitumikia miaka mitano, kiinua mgongo ni kama shilingi 269,000. Kiinua mgongo hiki halipwi aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Zaidi ya hayo, aliyeajiriwa kutoka mbali anastahili kusafirishwa hadi mahali alipoajiriwa. Kijana aliyechukuliwa Tukuyu akapelekwa kufanya kazi Morogoro hapaswi kujitafutia nauli ya kurudi.

Kama unaona umeachishwa kinyume cha sheria, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoitwa CMA. Huko kuna saa inayohesabu. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa ndani ya siku 30, na madai mengine ya kazi ndani ya siku 60. Wengi huzimaliza siku hizo wakimfuata meneja kwa maneno ya "njoo wiki ijayo". Nenda kwa meneja ukitaka, lakini kalenda iwe mkononi. Ukichelewa hupotezi haki moja kwa moja, maana unaweza kuiomba Tume ikubali sababu za kuchelewa kwako, ila hapo unaanza kesi ukiwa na kesi nyingine mgongoni.

Najua msomaji wa Rungwe ataniuliza: na kibarua je? Maana hapa kwetu kazi nyingi ni za msimu. Majani ya chai hupungua katika miezi ya baridi na kiangazi, na watu hupunguzwa. Parachichi nazo zina miezi yake ya kuvuna na kufungasha. Jibu ni kwamba ukiwa umeajiriwa na kulipwa ujira, mwajiri anapaswa kukuandikisha na kukuchangia, hata kama hujapewa barua nene ya ajira ya kudumu. Neno kibarua halifuti wajibu huo. Unapoitwa tena kila msimu na mwajiri yule yule, hakikisha michango inaingia kwenye namba ile ile, usifunguliwe mpya kila mara. Lakini mkulima mdogo anayeuza majani yake ya chai kiwandani si mwajiriwa wa kiwanda, na bei ikianguka au kiwanda kikisimama fao hili halimhusu. Yeye anaweza kujiunga na NSSF kama mtu aliyejiajiri na kuchangia kwa hiari, kwa ajili ya uzee wake na mafao mengine.

Na miezi sita ikiisha kazi haijapatikana? Michango yako haijapotea. Inabaki katika jina lako, na ukipata ajira nyingine unaendelea pale ulipoishia. Ukikaa miezi 18 bila ajira, utaratibu uliowekwa mwaka 2018 unakuruhusu kuomba michango ihamishiwe kwenye mpango wa hiari, na huko una uchaguzi wa kuendelea kuchangia au kuichukua. Kabla ya kuichukua, keti na mwenzi wako mhesabu miezi mliyokwisha kuchangia. Mwenye miezi 160 amebakiza miezi 20 tu kuifikia pensheni ya maisha. Mwenye miezi 20 hesabu yake ni nyingine.

Namalizia kwa neno kwa wakubwa. Ofisi ya mkoa ya NSSF iko Mbeya mjini, kama kilometa 70 kutoka Tukuyu, na mbali zaidi kwa mtu wa Lwangwa au Kandete. Mtu asiye na mshahara akisafiri mara tatu kwa sababu ya mhuri mmoja uliokosekana, sehemu ya fao lake imekwisha kuliwa na nauli. Sheria inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwanza atoe taarifa, aeleze sababu na kushauriana na chama cha wafanyakazi. Chama cha mashambani, TPAWU, na matawi yake yangeweka katika mashauriano hayo sharti moja dogo: maofisa wa NSSF waje kiwandani kabla ya siku ya mwisho ya kazi, wakiwa na fomu na orodha ya michango, na mwajiri agonge mihuri yote siku hiyo hiyo. Halihitaji sheria mpya wala bajeti mpya.

Nawe mfanyakazi uliye kazini leo, usingoje siku hiyo. Mshahara wa mwezi huu ukitoka, tazama makato yako, kisha ulizia kama yamefika. Akiba haiozi, lakini isiyotazamwa huweza kukutwa haipo. Kwa wiki hii tuishie hapo.